Ngoma Iliyofungiwa Stoo

Barua imenijia kutoka Kyerwa, nayo si ya furaha. Mwandishi wake ni mwalimu wa Kiswahili katika skuli moja ya sekondari huko, mtu ambaye kwa miaka kumi na zaidi tumekuwa tukiandikiana kwa beti kabla ya kuandikiana kwa nathari; safari hii hakuandika hata mshororo mmoja. Ananieleza kwamba mkuu wa skuli yake, alipokwisha kuyaona matokeo ya mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne, aliwakusanya wanafunzi paredini akawatangazia kuwa tangu siku ile mpaka mtihani wa taifa wa Novemba umalizike hapatakuwa na kwaya, hapatakuwa na ngoma, wala hapatakuwa na kuimba mabwenini. Ngoma tatu za skuli, pamoja na enanga moja ambayo mzee wa kijiji cha jirani aliwachongea watoto, zilibebwa na viranja zikatiwa stoo, baina ya majembe na madawati mabovu. Mlango ukapigwa kufuli. Sababu iliyotolewa ni ile tunayoijua sote, ikatiwa nguvu kwa methali: mshika mbili, moja humponyoka.

Sitaitaja skuli hiyo wala mkuu wake, kwa sababu mkuu yule hakubuni kitu. Amefanya wanalolifanya wenziwe wengi, bara na visiwani, kila ifikapo robo ya mwisho ya mwaka: hutafutwa cha kulaumiwa, na kilicho karibu kabisa, kisicho na mtetezi wala fungu katika bajeti, ni wimbo. Ingekuwa ni khabari ya skuli moja tu, nisingewapotezea wakati wasomaji wa jarida hili. Naandika kwa kuwa naiona amri hiyo ni dhulma, na kwamba haina mantiki hata kwa kipimo cha hao wanaoitoa. Na kwa kuwa sisi watu wa mashairi, ambao tungepaswa kuwa wa mwanzo kuipinga, tumenyamaza, na kunyamaza kwetu kumechanganyika na kiburi.

Wengi wetu huku pwani hatuijui Karagwe ila kwa jina lake lililomo katika vitabu vya wapelelezi wa Kizungu. Ni nchi ya vilima na migomba, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, katika mkoa wa Kagera. Upande mmoja ni Uganda, upande mwengine ni Rwanda, na Mto Kagera ndio mpaka. Kyerwa ilikuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe hadi mwaka 2012, ilipokatwa ikawa wilaya ya peke yake. Wenyeji ni Wanyambo, na lugha yao imekaribiana sana na Kihaya cha Bukoba na Kinyankore cha ng'ambo ya mpaka, hata wimbo uliotungwa Mbarara hauhitaji mfasiri ukifika Murongo. Watu hulima kahawa, ndizi na maharage. Nilikwenda huko mara moja nikakaa wiki mbili kwa rafiki yangu huyo, mwezi wa Oktoba, na ndiyo maana siwezi kuisoma barua yake kama mtu asomaye khabari za mbali.

Nitasema nilichokiona. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayelala kwao huamka giza halijatoka, hushuka kilima na kupanda kingine, hukaa darasani mpaka alasiri, kisha hurudi kuchota maji na kukata majani ya ng'ombe. Usiku ndipo linapoanza lile lililo kubwa. Ana masomo saba au zaidi. Ana ripoti za majaribio ya maabara, ana kazi za mradi, ana mazoezi ya kila somo ambayo alama zake hukusanywa, na juu ya yote hayo ana rundo la mitihani ya miaka iliyopita ambalo kila mwalimu anamtaka alimalize kana kwamba walimu wengine hawapo. Wale wa bweni wana nafuu ya kutopanda vilima, lakini huamshwa kwa kengele kabla ya alfajiri na hurudishwa darasani baada ya chakula cha usiku, wakakaa humo mpaka macho yanakuwa mekundu. Nilimwona kijana amelala huku kalamu inaendelea kuandika. Mstari ulitoka katika neno ukateremka ukurasa mzima, mpaka ukingoni.

Na kazi hiyo yote, ukitoa somo la Kiswahili na machache mengine, ni ya Kiingereza. Mtoto husema Kinyambo nyumbani, akasomeshwa Kiswahili miaka saba, kisha akaingia kidato cha kwanza akakuta elimu yote imehamia katika lugha ya tatu. Kutwa husoma maneno ambayo anayashika nusu. Huyakariri kama mtu abebaye mzigo asioujua ndani mna nini. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, kama yalivyotangazwa mara ya kwanza Februari 2013, yaliwapa sifuri zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima, mpaka serikali ikaunda tume na madaraja yakapangwa upya. Mijadala ilikuwa mingi mwaka ule, magazetini na bungeni: lugha, vitabu, maabara, mishahara ya walimu, mitaala. Sikumbuki kumsikia yeyote akisema kwamba watoto walifeli kwa sababu walikuwa wakiimba mno.

Sasa turudi kwenye hicho kilichofungiwa stoo. Baina ya chakula cha jioni na kengele ya masomo ya usiku palikuwa na kitambo, kama nusu saa hivi, ambacho wanafunzi wa skuli ile walikifanya chao. Wasichana walikaa nje ya bweni lao, mmoja akaanzisha na wengine wakaitikia. Siku ya tatu ya kukaa kwangu nilisikia wimbo ambao sauti yake, kwa maelezo ya rafiki yangu, ni ya wanawake wavunao ulezi. Lakini maneno yake niliyatambua mwenyewe: haidrojeni, heliamu, lithiamu. Walikuwa wamezifunga elementi ishirini za mwanzo za kemia ndani ya wimbo wa mashamba. Mwanzishi hutaja nne, waitikiaji huzirudia kwa mkato wa Kinyambo wenye mzaha ndani yake. Wakifika kalsiamu, ambayo ni ya ishirini, hupiga makofi matatu na kuanza upya. Walicheka sana. Kisha kengele ikalia, wakaingia darasani wakakaa saa mbili na nusu, na mimi nilipita dirishani mara mbili nikaona wako macho.

Hivi ndivyo vilivyopigwa marufuku ili watoto wapate kusoma.

Najua nitaambiwa kuwa naleta ushahidi wa dirishani. Basi na tuwatazame waliopima. Wanda Wallace, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1994, aliwapa watu maneno wayashike: wengine waliyasikia yakisemwa, wengine yakiimbwa. Walioyasikia yakiimbwa waliyakumbuka vizuri zaidi, kwa sharti moja: sauti ile ile irudiwe katika beti kadhaa. Ubeti ukiimbwa mara moja tu, faida haipo. Sauti yenyewe inakuwa ni jambo jengine la kujifunza. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu. Sauti moja, beti nyingi: mwalimu yeyote wa chuoni Unguja, Pemba au Lamu angeweza kuyasema hayo bila ya maabara. Ibn Malik, aliyezaliwa Andalusia akafariki Damascus mwaka 1274, aliifunga nahau ya Kiarabu katika beti elfu moja hivi, na mpaka leo wako wanafunzi wa mwambao wetu ambao ukiwauliza kanuni ya nahau hukujibu kwanza kwa ubeti, ndipo waueleze. Mimi mwenyewe sikupita skuli ya sekondari kwa mlango wa mbele. Nilifanya mtihani nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, mtu mzima mwenye kazi ya mchana, na vile vitenzi vya Kiingereza visivyofuata kanuni nilivihifadhi kwa kuvipanga katika mizani nane nane za utenzi na kuviimba nikiendesha baskeli. Vingine havikukubali vina, nikavilazimisha. Leo, miaka hii ya kutafsiri vitabu, nikisita juu ya kitenzi hurudi kwanza kwenye baskeli.

Hapa lazima niwageukie jamaa wa upande wangu, kwani nao wana makosa yao. Kuna wanaoutetea muziki kwa uongo. Watakwambia kuwa umethibitika kisayansi kumwongezea mtoto akili, na watakutajia Mozart. Kisa chenyewe ni hiki: mwaka 1993, katika jarida la *Nature*, watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Irvine walieleza kwamba wanafunzi 36, baada ya kusikiliza sonata ya Mozart kwa dakika kumi, walifanya vyema zaidi katika maswali fulani ya kuwaza maumbo, na faida hiyo haikuvuka robo saa. Kutokana na dakika hizo umejengwa ulimwengu mzima wa biashara; mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, aliomba fedha za umma ili kila mtoto mchanga apewe kanda ya muziki wa aina hiyo. Waliorudia majaribio waliikuta faida imepungua mpaka kuwa ndogo sana, na ya kupita tu, sawa na ya mtu aliyechangamshwa na jambo lolote alipendalo. Tusijenge utetezi wetu juu ya mchanga huo. Muziki haumwongezei mtu akili. Mtoto asiyejua kanuni ya Ohm hatajulishwa na ngoma.

Tena nitakubali zaidi ya hapo. Anayesoma huku ameziba masikio kwa vipaza sauti vya simu, mwimbaji akimsemea sikioni, anajidanganya. Mwaka 1976 ilionyeshwa kwamba hata maneno ya lugha asiyoijua msikilizaji humvuruga anapojaribu kushika herufi alizozitazama. Na mwaka 1982 Pierre Salamé na Alan Baddeley wakaonyesha jinsi usemi uingiao sikioni unavyopita moja kwa moja mpaka pale tunapoyashikia maneno ya kusoma, wala hauombi ruhusa. Kwa hiyo kijana wa Kayanga anayedhani kuwa wimbo wa Kiganda haumsumbui kwa sababu haufahamu vyema, unamsumbua. Mkuu wa skuli angepiga marufuku simu wakati wa kusoma, ningemwandikia barua ya pongezi. Lakini simu zilikuwa zimekwisha kukatazwa siku nyingi. Alichokifungia ni ngoma, ambayo haiingii katika sikio la mtu kwa siri, ambayo hupigwa wakati usio wa kusoma, na ambayo humtaka mtoto ainuke.

Humo ndimo mlimo khitilafu, nami nataka msomaji aitie maanani kwa kuwa watu wa pande zote mbili huipita. Kusikiliza si sawa na kuimba. Mwaka 2013 Thomas Fritz na wenzake wa Leipzig, Ujerumani, walizitega mashine za mazoezi ya viungo ili kila msukumo wa mtu utoe sauti, na watu watatu wakizitumia kwa pamoja watunge muziki kwa nguvu za miili yao. Kisha wakawalinganisha na watu wale wale walipofanya mazoezi yale yale huku wakisikiliza tu muziki ulioletwa. Walipoutunga wenyewe, walihisi wamechoka kidogo zaidi. Uzito ulikuwa mmoja, jasho moja. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa mwenye sauti. Sitasema kuwa mashine za Leipzig ni sawa na mitihani ya Kyerwa. Kuchoka kwa misuli ni jambo moja na kuchoka kwa akili ni jengine. Nasema tu kwamba yule mwanamke avunaye ulezi, na wale wavuta jarife wa kwetu, na wapagazi waliokuwa wakipita Karagwe na mizigo kichwani, hawakungoja mwaka 2013. Walijua kuwa kazi ndefu haifanyiki kimya, na kuwa wimbo wa kazi lazima uwe wa mwenye kuifanya.

Kazi ya mwisho wa mwaka ya mwanafunzi ni kazi ndefu kuliko zote azijuazo, nayo ndiyo pekee tumtakayo aifanye kimya, peke yake, na katika lugha ya wengine. Ule wimbo wa jioni ndio uliokuwa mahali pekee katika siku yake ambapo kila neno alilolitamka alilimiliki, na hata haidrojeni ikaja ikawa ya kwao. Rafiki yangu anaandika kuwa tangu amri itoke wasichana hukaa pale pale nje ya bweni, kwa mazoea, lakini hukaa tu. Wengine huenda kulala mapema kisha huamshwa kwa fimbo. Naye, ambaye si mtu wa kulalamika, amenitajia hili la fimbo kwa maneno manne akaendelea na khabari nyengine.

Yule anayedhani ngoma ni mgeni katika elimu ya nchi ile hajui amesimama wapi. John Speke alipofika Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861 akakaribishwa na Mfalme Rumanyika, alihadithiwa jinsi mfalme huyo alivyopata kiti. Baba yake alipokufa, ndugu walishindania urithi. Ikawekwa mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya lakini iliyotiwa dawa, na asiye na haki hakuweza kuinyanyua hata kwa nguvu zake zote. Rumanyika akainyanyua kwa kidole kidogo. Speke aliandika pia juu ya siku ya mwezi mwandamo, alipozikuta ngoma zaidi ya thelathini zimepangwa chini mbele ya jumba la mfalme, kila moja na mpigaji wake. Makao ya wafalme hao yalikuwa Bweranyange, na Bweranyange leo pana sekondari ya wasichana. Sitaki kukigeuza kisa hicho kuwa fumbo. Nataka tu ieleweke kwamba mkuu wa skuli aliyeamuru ngoma zibebwe na viranja mpaka stoo, katika nchi hiyo na miongoni mwa watu hao, amesema neno kubwa kuliko alilolikusudia.

Na ile enanga? Msomaji wa pwani asidhani kuwa nasema nanga ya jahazi. Ni ubao uliochimbwa kama hori, uzi mmoja ukipitishwa huku na huku juu yake mara saba au nane, ukapigwa kwa vidole huku mpigaji akighani. Kwa ala hiyo manju wa Kagera waliimba visa virefu vya Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, na vya Rukiza, na vyenginevyo, mistari mamia kwa mamia bila ya kitabu. Profesa Mulokozi, mzaliwa wa mkoa huo huo, aliviandikia tasnifu nzima mwaka 1986, na kwa kazi yake alijibu wale waliodai kuwa Mwafrika hana utendi. Kumpa mtoto enanga mwezi wa Oktoba ni kumpa ushahidi kwamba kichwa cha mtu wa kwao kiliwahi kubeba zaidi ya silabasi.

Lakini sisi tumefanya nini kwa ushahidi huo? Hapa naingia katika kile kiburi nilichokitaja mwanzo, nami nitaanza na changu. Miaka mingi iliyopita rafiki yangu aliniletea wimbo wa enanga alioufasiri kwa Kiswahili, akaniomba niutafutie mahali pa kuchapishwa. Niliusoma nikamrudishia. Nilimwandikia kuwa hauna mizani wala kina, na kuwa auweke sawa kwanza. Hakubishana. Miaka ikapita, mpaka jioni ile ya Oktoba nilipokaa mbele ya mzee mwenye enanga ndipo nilipofahamu kuwa mizani ilikuwepo, imekaa katika uzi. Maneno yalikuwa yameachiwa uhuru kwa sababu vidole vilishika hesabu. Mimi niliuhukumu wimbo kwa nusu yake. Na naogopa kuwa wengi wetu, tuliolelewa tukiamini kwamba ushairi ulizaliwa Pate ukalelewa Mvita na kuozwa Unguja, tunawahukumu hivyo watu wa bara kila siku. Tunawasikitikia kwa kukosa kile ambacho hatukuwa na masikio ya kukisikia. Ndiyo maana ngoma zao zikifungiwa hatusemi. Tungesemaje? Hatukuzihesabu kuwa ni tungo.

Na huku kwetu pia ugomvi huu si mpya. Mwishoni mwa karne ya 19, Lamu, Habib Saleh alipokuwa akiwafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakuona haja ya kuwafundisha, watumwa wa jana na maskini wa pembeni mwa mji, alileta Maulidi ya Habshi pamoja na matari yake. Palizuka maneno mengi. Waliambiwa kuwa ngoma haina mahali msikitini, kuwa elimu ina heshima yake na heshima yake ni utulivu. Wenye kusema hivyo hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wa vitabu. Lakini waliozoea kukaa nje ya mlango waliingia kwa sauti ya matari, wakakaa, wakasoma. Riyadha ipo mpaka leo, na kila mwaka mwambao mzima humiminika huko kwa maulidi. Sisemi kuwa Kyerwa ni Lamu, wala kuwa kwaya ya sekondari ni maulidi; wenye dini yao wasije wakanishika shati. Nasema hoja ya utulivu tumewahi kuisikia, na tumewahi kuona ilivyoishia.

Mwalimu Nyerere naye, alipounda wizara ya utamaduni Desemba 1962, aliwasikitikia wasomi waliofundishwa dansi za Kizungu wakaona haya kucheza ngoma za kwao. Zaidi ya miaka 60 imepita. Haya ile imekwisha. Watoto wa Kyerwa hawaoni haya hata kidogo. Waonao haya sasa ni wakubwa, na haya yao wameipa jina la ufaulu.

Yako maneno mengine ya kujibiwa, nami nitayajibu kwa ufupi kwa kuwa hayana uzito mwingi. Husemwa kuwa nyimbo za siku hizi zina matusi. Zimo zenye matusi. Na vimo vitabu vyenye matusi, lakini hatujafunga maktaba, pengine kwa kuwa skuli nyingi hazina maktaba ya kufunga. Husemwa kuwa watoto wakiachiwa nusu saa watachukua saa mbili. Basi ipigwe kengele. Skuli ile ina kengele, na nilisikia kwa masikio yangu jinsi walivyoitii. Husemwa pia kuwa mzazi wa Karagwe aliyeuza kahawa kulipia mahitaji ya mwanawe hakumpeleka kucheza. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Mzazi yule amejinyima. Lakini ni mzazi yule yule ambaye, akichuma kahawa hiyo, ukipita kando ya shamba utamsikia anaimba, wala hakuna aliyewahi kumwambia anyamaze ili kikapu kijae haraka.

Ninachokiomba si kikubwa. Siombi muziki uwe somo la lazima, wala fedha za serikali, wala mashindano yenye vikombe na wageni rasmi. Naomba ile nusu saa baina ya chakula na kengele. Naomba walimu wa kemia, wa biolojia na wa historia wakae pale nje ya bweni jioni moja tu wasikilize somo lao linavyoimbwa, na pakiwa na kosa katika elementi wasahihishe, wasigombe. Naomba wahariri wa majarida kama hili watafute tungo za enanga wazichapishe kwa Kinyambo au Kihaya na kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, bila ya kuzidai vina. Ule niliourudisha nimeuomba tena kwa mwenyewe. Amenijibu kuwa karatasi imepotea lakini mzee yupo, na ataukumbuka akipewa enanga yake.

Enanga yake iko stoo. Leo ni mwisho wa Septemba, mtihani unaanza Novemba, na ufunguo, kwa mujibu wa barua, hukaa mfukoni mwa mkuu wa skuli.